Si kila mwenye simu ni mwanahabari wa kiraia

Moto ukiwaka sokoni au polisi wakimpiga mtu barabarani, dakika chache baadaye klipu imeshazunguka makundi yote ya WhatsApp, na chini yake mtu ameandika: "Hongera kwa wanahabari wetu wa kiraia!" Nimeisoma pongezi hiyo mpaka imenichosha. Aliyepongezwa aliinua simu, akarekodi, akatuma. Huenda amefanya jambo kubwa, ila jina alilopewa ni la kazi nyingine.

Uanahabari wa kiraia ni kutafuta habari, kuihakiki na kuichapisha, kazi inayofanywa na mtu asiyeajiriwa na chombo cha habari. Basi. Hahitaji kitambulisho cha uanahabari wala shahada. Watu wanaposikia hivyo hushangilia, wakaruka neno "kuihakiki" kana kwamba halikusemwa.

Sehemu ya mkanganyiko inatokana na kudhani kwamba dhana hii ililetwa na simu zenye kamera. Mwaka 2000, kabla Facebook na YouTube hazijakuwepo, Oh Yeon-ho alianzisha gazeti la mtandaoni la OhmyNews huko Korea Kusini, kwa kaulimbiu kwamba kila raia ni mwanahabari. Alianza na waandishi raia 727, watu wenye shughuli zao nyingine za kujipatia riziki. Kaulimbiu ile imerudiwa dunia nzima, lakini masharti yaliyoambatana nayo hayatajwi. Mwandishi alijisajili kwa jina lake halisi, akakubali kanuni za maadili, na makala yake ikapita mikononi mwa wahariri wa kulipwa kabla haijatoka. Oh aliondoa sharti la ajira. Mhariri alimwacha kwenye kiti chake.

Siku hizi klipu inatoka bila mhariri, na ndiyo maana swali la nani amehakiki limekuwa zito kuliko swali la nani amerekodi. Mwezi Julai 2018 ilisambaa video ya wanajeshi wakiwaswaga wanawake wawili na watoto wawili kwenye njia ya vumbi, kisha wakawapiga risasi. Serikali ya Kamerun mwanzoni ilisema ni uzushi. Video yenyewe haikuonyesha ni wapi wala lini. BBC Africa Eye, wakisaidiwa na Amnesty International, Bellingcat (kundi la wachunguzi wa picha na video za mtandaoni) na wachambuzi wa kujitolea mtandaoni, walichukua mstari wa milima unaoonekana kwa mbali na kuulinganisha na picha za satelaiti, mpaka ukakaa sawasawa karibu na kijiji cha Zelevet, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo. Majengo yaliyoonekana yakawasaidia kupunguza miaka ambayo tukio lingeweza kutokea. Kisha wakapima vivuli vya wanajeshi wakitembea, maana kivuli kinakuonyesha jua lilikuwa upande gani na juu kiasi gani. Wakafika kati ya tarehe 20 Machi na 5 Aprili 2015. Mwaka 2020 mahakama ya kijeshi iliwafunga wanajeshi wanne miaka 10 kila mmoja.

Sasa, aliyeshika kamera siku ile alikuwa mwanajeshi mwenzao. Tukifuata hoja kwamba anayerekodi ndiye mwanahabari, sifa zingemwendea yeye! Wanahabari wa kiraia katika habari hii ni wale wa kujitolea waliokaa mbele ya kompyuta zao wakihangaika na milima.

Hapo kuna watakaosema ninamshusha shuhuda. Hapana, hana anachopungukiwa. Mwezi Mei 2020, polisi wa jiji la Minneapolis, Marekani, walitoa taarifa kwamba mtu amefariki baada ya tatizo la kiafya akiwa anashughulikiwa na askari. Taarifa hiyo ilisambaratishwa na video ya Darnella Frazier, msichana wa miaka 17 aliyesimama kando ya barabara akarekodi askari akimkandamiza George Floyd shingoni kwa goti. Mwaka 2021 bodi ya Pulitzer, inayotoa tuzo maarufu za uanahabari za Marekani, ilimpa tuzo maalumu, na hata wao walizungumzia mchango wa raia katika kazi ya wanahabari ya kutafuta ukweli. Alikuwa shahidi, na mahakamani alisimama akatoa ushahidi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba jina hili linamtwisha shuhuda mzigo usio wake. Akishaitwa mwanahabari, wanamjia juu: mbona hukuhoji upande wa pili, mbona klipu imeanzia katikati? Yeye anawajibika kwa alichokiona tu. Wakati huohuo, wanaopaswa kubanwa kwa maswali hayohayo wanajificha nyuma ya jina lilelile. Baada ya milipuko ya mabomu kwenye mbio za marathoni za Boston, Marekani, mwaka 2013, watu mtandaoni walichambua picha kwa siku kadhaa, wakajiona wapelelezi, wakamtangaza kijana asiyehusika hata kidogo. Familia yake ikaandamwa kwa matusi. Walikusanya na kuchapisha kwa bidii zote. Hawakuhakiki.

Mwanaharakati naye huchanganywa humuhumu. Yeye ana upande na anadai jambo, haki yake kabisa, na wapo wanaofanya kazi zote mbili vizuri. Ila akichapisha kinachofaa madai yake na kukalia kisichofaa, siku hiyo amefanya harakati.

Kwa hiyo klipu ikikufikia, aliyeirekodi mwite shuhuda, na umshukuru. Aliyekutumia ni msambazaji. Akitokea mtu aliyewapigia simu waliokuwepo, akauliza wanaotuhumiwa wanasemaje, akalinganisha saa na mahali, akaweka jina lake chini na kusahihisha alipokosea, huyo mwite mwanahabari wa kiraia, hata kama kazi inayomlisha ni kushona nguo.