"Mwalimu mi sina kipaji": haya ninayoyasikia kila Jumamosi

Wiki mbili zilizopita kaja mama mmoja kwenye darasa langu la kuchora, mhasibu, watoto wameshakua wana miji yao, ananiambia enzi za shule ya msingi alikuwa anachora mpaka wenzake wanamletea madaftari awachoree maua kwenye jalada. Nikamuuliza sasa kwanini uliacha? "Ah mwalimu, niligundua sina kipaji." Hapo hata penseli hajashika! Na hilo neno nimelisikia kwa manesi, madereva, vijana wa chuo, walimu wenzangu, yani kila anayerudi kwenye kuchora baada ya miaka ishirini ndo anaanza nalo, kwahiyo leo naliandika ili wanaokuja walisome kabla hawajanikalia kitini.

Sibishi kwamba watu tunatofautiana, kuna mtoto unampa kipande cha mkaa anachora mbuzi ukutani na ukimtazama unajua ni yule jike wa jirani. Lakini kinachomkwamisha mtu mzima sio hicho, na wala sio mkono. Watu wananiambia "mkono wangu umekufa", umekufaje wakati asubuhi umesaini hati, umetunga uzi kwenye sindano, umesuka nywele za mtoto? Mkono mzima kabisa. Shida ni kwamba hatutazami. Mwambie mtu achore kikombe, atakitupia jicho mara moja, akili inasema kikombe nakijua, basi anainamisha kichwa na kuchora kikombe cha kichwani mwake, mdomo duara kama sahani na kitako kimenyooka kama rula. Kile cha mezani hakiko hivyo hata kidogo. Ukiwa umekaa, mdomo wake ni yai lililolala, na kitako nacho kinapinda, tena kinapinda kuliko mdomo kwasababu kiko chini zaidi ya usawa wa macho yako.

Au sura ya mtu. Karibu kila anayeanza anaweka macho juu kwenye paji la uso. Chukua kioo na rula ujipime, kuanzia utosini mpaka kidevuni macho yako yapo katikati au karibu sana na katikati. Tunakosea kwasababu tukiongea na mtu tunamtazama macho, pua na mdomo, sehemu yote ya juu tunairuka, basi na penseli nayo inairuka.

Sasa kwanini watu wazima wengi wanachora kama watoto wa darasa la tano? Kwasababu hapo ndipo walipoachia. Mtoto akifika miaka tisa, kumi, kumi na mbili hivi anaanza kutaka mchoro ufanane na kitu chenyewe, anaona haufanani, hakuna wa kumwonesha afanyeje, anaacha. Akienda sekondari anachobaki kuchora ni moyo na jicho kwenye baiolojia, mistari ya lebo inyooke asikatwe maksi. Alafu ana miaka 45 anashika penseli, anakuta mchoro wa mtoto wa miaka kumi, anasema unaona, sina kipaji. Ndugu yangu hicho sio kipimo cha kipaji, unaendelea kutoka ulipoishia! Ungeacha kusoma darasa la tano ungesoma hivyo hivyo kwa kudodosa na hakuna ambaye angekuambia huna kipaji cha kusoma.

Yule mama nilimpa picha ya kiti nimeigeuza miguu juu, nikamwambia usitaje jina la kitu chochote, fuata mstari unaenda wapi unakatana na upi. Dakika arobaini. Alipougeuza mchoro wake ilikuwa kiti, kimepinda kidogo mguu wa nyuma lakini kiti, akakaa kimya anakitazama. Kipaji hakijamwingia ndani ya dakika arobaini, ila akili ilikosa jina la kukimbilia ikabidi itazame.

Na wanaonitajia Van Gogh, yule mchoraji maarufu wa Uholanzi, kama mfano wa aliyezaliwa na kipaji, naomba wakatafute michoro yake ya mwanzo. Aliamua kuwa msanii mwaka 1880 akiwa na miaka 27, watu aliowachora mwanzo wamekakamaa kama mbao, akakaa ananakili karatasi za mazoezi ya kuchora za Mfaransa Charles Bargue, akizimaliza anazirudia.

Hapo hapo nimalize na lile la "kunakili ni kudanganya", maana linawatesa bure watu wengi. Van Gogh huyo huyo alikuwa na fremu ya mbao yenye nyuzi zimekatizana, anachungulia humo aone kitu kipi kimekaa wapi. Nakili, pima kwa penseli mkono umenyoosha na jicho moja umefumba, tumia picha ya simu siku mvua inanyesha. Kudanganya ni kuchukua kazi ya mtu ukasema yako, basi.

"Nimechelewa, umri umeenda." Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 na alianza kuchora hapa Dar mwaka 1968, hesabu mwenyewe. Alifariki 1972, na miaka hiyo minne ilitosha jina lake kuwa jina la aina nzima ya uchoraji. Na rangi zake zilikuwa za kupakia baiskeli, anapaka juu ya hadibodi, kwahiyo na wale wa "nasubiri ndugu aniletee penseli kutoka Dubai" nimewajibu humo humo. Boksi la penseli 24 lina nyingi za H, ngumu, za watu wa ramani, hutazigusa. HB moja ya wastani, 4B moja laini, kaunta buku, basi.

Tena kama unanisikiliza mimi, mwezi wa kwanza acha hata penseli, tumia peni ya Bic. Raba ndo inaua watu. Mtu anachora mstari anafuta, anachora anafuta, saa nzima karatasi imetoboka na hakuna mchoro. Kwa peni ukikosea unachora mwingine pembeni yake, ule wa kwanza unabaki unakuonesha ulikosea kiasi gani. Na usichane kurasa! Andika tarehe kila ukurasa, uache.

"Sina muda." Kila siku robo saa inakufaa kuliko saa nne za Jumapili moja kwa mwezi, ujuzi wa macho na mkono unakaa vizuri ukirudiwa kidogo kidogo na kulala katikati yake. Kitu kimoja, kikombe kile kile, mwezi mzima. Wengi wanaona inachosha wanataka kuhamia kwenye sura ya mke au simba wa Serengeti, mi nawakatalia, maana ukibadilisha kitu kila siku hujui leo umekosea kwasababu ni kigumu au kwasababu hukutazama.

Na video. "Mwalimu nimeangalia video nyingi sana." Umechora ngapi? Kimya. Angalia moja, zima simu, chora kumi.

Yule mama yuko kikombe cha kumi na moja saivi. Jana usiku kanitumia picha, mdomo ameupata, kitako kimepinda kama inavyotakiwa, ila mkono wa kikombe bado umekaa juu mno na umenenepa. Nimemwambia leo asiuchore kabisa huo mkono, achore ule uwazi uliopo kati ya mkono na kikombe, pale kidole kinapopita, apate umbo la huo uwazi kwanza alafu anitumie.