Je, wajua kwanini benki yenye mabilioni inamhitaji mtu wa NGO mwenye pikipiki?

Kama umekulia uswahilini unajua hakuna mtu anafunga safari mpaka ghala la jumla Kariakoo kununua sukari robo. Utachekwa. Kule wanauza kwa mfuko wa kilo 50, wewe unataka robo na mafuta ya kupima, hiyo ni kazi ya Mangi pale kona, ambaye anakujua, anajua nyumbani kwako mko wangapi, anajua wiki iliyopita ulikopa na hujalipa, na bado atakupa kwa sababu anajua pia ukimwambia Ijumaa huwa ni Ijumaa kweli.

Sasa hizi benki za maendeleo, Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika iliyopo Abidjan, ile ya Asia iliyopo Manila, ndo maghala ya jumla yenyewe. Hazina kaunta, huwezi kwenda na kitambulisho ukafungua akaunti. Wenye hisa ni serikali, na mkopaji mkuu naye ni serikali. Benki ya Dunia ina mkono wake unaitwa IDA, ulianzishwa 1960 kwa ajili ya nchi maskini, unakopesha kwa riba ndogo sana au bila riba na kulipa ni miaka 30 mpaka 40 hivi. Anayesaini ni waziri wa fedha, picha inapigwa, watu wanapeana mikono, kesho yake iko gazetini. Lakini kutoka kwenye ile saini mpaka kwenye mbuzi wa mama mmoja kijijini kuna safari ndefu, na hela ina tabia ya kuchoka njiani.

Swali ambalo watu wengi hawajiulizi ni hili, benki ikishaweka hela Hazina, itajuaje maskini ni nani? Unaweza kudhani ni swali la kijinga, maskini si anaonekana? Haonekani. Shangazi yangu aliwahi kunihadithia mradi mmoja uliopita kijijini kwao, wakaitisha mkutano, majina ya kaya maskini yakasomwa, na jirani yake bibi mmoja anayeishi na wajukuu wanne hakuwemo ila mtu mwenye ng'ombe sita alikuwemo. Nikamuuliza, shangazi, mbona hukunyoosha mkono ukasema? Akaniangalia kama mtoto mdogo. "Mwanangu, niseme mimi, halafu kesho nikachote maji kisima cha nani?"

Hapo ndo penye kazi. Maskini kabisa mara nyingi mkutanoni haji, siku hiyo yuko kwenye kibarua, au anaona aibu ya nguo, na akija anakaa nyuma kabisa hasemi kitu. Orodha inaandikwa na waliokaa mbele.

Wabangladeshi walilishughulikia hili mapema kuliko wengi. Kuna shirika linaitwa BRAC, lilianzishwa 1972 na Fazle Hasan Abed baada ya vita ya uhuru ya nchi ile, na leo hata Tanzania na Uganda wapo, waliingia 2006, huenda umewaona akina mama wamekaa kwenye mikeka wanarejesha marejesho ya wiki. Hawa jamaa kwanza walijifunza kuingia nyumba kwa nyumba. Kuanzia 1980 kwa miaka kumi hivi walipita kwenye kaya kama milioni 12 kufundisha akina mama kuchanganya maji ya mtoto anayeharisha, chumvi unachota kwa vidole vitatu, sukari guru konzi moja, maji nusu lita. Basi. Na utamu wa hii habari uko kwenye mshahara, maana mwalimu alikuwa halipwi kwa idadi ya nyumba alizopita, alilipwa kulingana na mama anakumbuka nini, mtu mwingine anarudi baadaye anamuuliza yule mama maswali, mama akiwa kasahau basi na mshahara wa mwalimu unapungua. Fikiria semina zetu zingelipwa hivyo! Posho ingetoka kweli?

Kwa hiyo 2002 walipoanza programu ya maskini wa mwisho kabisa, wale ambao hata mikopo midogo haiwafikii kwa sababu kikundi hakitaki kuwadhamini, walikuwa tayari wana mazoea ya kurudi. Wanafika kijijini, wanakusanya watu, wanachora ramani ya kijiji chini kwenye vumbi, kila nyumba inawekwa, halafu wanakijiji wenyewe wanapanga nyumba kwa mafungu, hii ya wenye uwezo, hii ya kati, hii ya hali mbaya. Ikiisha hapo hawaamini bado. Mtu anaenda kwenye zile nyumba za fungu la mwisho moja moja, anaangalia paa, anauliza kuna mwanaume anayefanya kazi, watoto wanaenda shule, chakula jana kilikuwa nini. Umeona tofauti na orodha ya kusomwa mkutanoni?

Aliyechaguliwa anapewa kitu cha kuzalisha, ng'ombe au mbuzi au mtaji wa biashara ndogo, anapewa hela kidogo ya chakula kwa muda (ukimpa mtu mwenye njaa mbuzi bila ya hela ya chakula umempa kitoweo tu), anafundishwa, anafunguliwa sehemu ya kuweka akiba, na kwa miezi 24 kuna mtu anakuja kumtembelea nyumbani mara kwa mara kuangalia mbuzi anaendeleaje, na yeye mwenyewe anaendeleaje. Huyo ndo mtu wa pikipiki wa kwenye kichwa cha habari.

Sasa watu wa Washington, yaliko makao makuu ya Benki ya Dunia, waliposikia wakawa na wasiwasi wa kawaida, labda inafanya kazi Bangladesh tu kwa sababu BRAC ni BRAC. Kuna kituo kinaitwa CGAP, kinachohangaikia huduma za fedha kwa maskini, ambacho kinakaa ndani ya Benki ya Dunia, wakaungana na Ford Foundation, taasisi ya misaada ya Marekani, kuanzia 2006 wakaijaribu nchi nane, wanaoiendesha huko chini ni mashirika ya wenyeji. Mwaka 2015 yakatoka matokeo ya nchi sita, Ethiopia, Ghana, Honduras, India, Pakistan na Peru, zaidi ya watu elfu kumi walifuatiliwa, waliopewa wakilinganishwa na ambao hawakupewa. Mwaka mzima baada ya programu kuisha waliopewa walikuwa bado wanakula vizuri zaidi, wana mali zaidi na akiba zaidi. Sio utajiri, tusidanganyane, ni nafuu, lakini nafuu inayobaki baada ya mradi kufunga ofisi ni kitu adimu sana. Honduras kidogo mambo yaliharibika, wengi walichagua kuku, na kuku wakafa kwa ugonjwa. Mtu yeyote aliyewahi kufuga kuku wa kienyeji akapigwa na kideri hiyo sentensi anaielewa bila maelezo.

Na hiyo programu ikaja mpaka kwa jirani. Kaskazini mwa Kenya huko Marsabit shirika la BOMA lilikuwa linawaweka akina mama watatu watatu, wanapewa mtaji wafungue biashara pamoja, kiduka cha unga na sukari au biashara ya mbuzi, na mshauri anawapitia. Mwezi wa 11 mwaka 2018 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 250 kwa serikali ya Kenya kwa mradi mkubwa wa hifadhi ya jamii, na ndani yake kukawekwa kipande cha kujaribu njia hiyohiyo kwenye kaunti 5, Marsabit na Kisumu zikiwemo, serikali ndo mwenye mradi, BOMA na wenzao wa Village Enterprise wanaleta ujuzi. Hapo ndo unaona mnyororo wote kwa mara moja. Benki ina hela ila haina miguu. Serikali ina machifu na ofisi kila mahali ila haina mtu wa kukaa na mama mmoja miaka miwili. NGO inao watu hao ila hela yake inaisha baada ya vijiji mia. Ukiondoa mmoja mambo yanarudi palepale.

Kuna njia nyingine ambayo Benki ya Asia waliipenda, NGO inapewa tenda kabisa kama mkandarasi wa barabara. Cambodia mwishoni mwa miaka ya 90 nchi ndo inatoka vitani, zahanati zipo ila muuguzi hayupo, mshahara wake hautoshi hata nauli kwa hiyo mchana yuko kwenye kliniki yake binafsi. Wakachukua wilaya 12 wakazigawa kwa bahati nasibu, nyingine ziendelee na serikali kama kawaida, nyingine NGO isimamie wafanyakazi walewale wa serikali, nyingine NGO ikabidhiwe kila kitu, kuajiri na kufukuza na mishahara. Kwenye zile zilizokabidhiwa NGO kila kitu wakapandisha mishahara na kumwambia muuguzi ukichukua hii basi ile kliniki ya pembeni ufunge. Watu wakaanza kwenda zahanati, na kikubwa zaidi hela ambayo kaya zilikuwa zinatoa mfukoni kwa matibabu ikapungua, hasa kwa maskini. Ghali kwa serikali, nafuu kwa mgonjwa. Bangladesh nao kuanzia 1998 kwa mkopo wa benki hiyohiyo manispaa za Dhaka na miji mingine zikawa zinatangaza tenda za kliniki za mjini na NGO zinashindana, maskini wanapewa kadi nyekundu ya kutibiwa bure.

Mpaka hapo inasikika kama ndoa nzuri, na nisipokwambia upande wa pili nitakuwa nimekudanganya. Hawa wawili, benki na NGO, hawajaanza kama marafiki. 1982 Benki ya Dunia iliunda kamati ya kuongea na NGO, watu wanakunywa chai wanaagana. Kilichobadilisha mambo kweli ni ugomvi. India, mto Narmada, mwaka 1985 benki ilikopesha dola milioni 450 kwa ajili ya bwawa la Sardar Sarovar, maelfu kwa maelfu ya wanavijiji wahamishwe, wakagoma. Mwanaharakati Medha Patkar na wenzake wakaandamana, wakafunga kula, na mashirika ya nje yakapeleka kelele mpaka Washington. Benki ikalazimika kuunda tume huru ya kuchunguza mradi wake yenyewe, tume ikasema 1992 kwamba mambo ya kuhamisha watu yamevurugwa, na Machi 1993 India ikaomba sehemu iliyobaki ya mkopo ifutwe. Mwaka huohuo benki ikaanzisha jopo la ukaguzi ambalo mwananchi wa kawaida anaweza kulilalamikia.

Na jopo hilo sio pambo. Uganda, barabara ya Kamwenge kwenda Fort Portal, kilomita 66, wanavijiji wa Bigodi wakisaidiwa na shirika la Joy for Children walilalamika kwamba wafanyakazi wa ujenzi wanawapa mimba wasichana wa shule, Desemba 2015 Benki ya Dunia ikafuta hela yake kwenye mradi mzima. Nani alijua habari za wale wasichana? Mhandisi alikuwa anapima lami. Aliyejua ni yule yule wa kuingia majumbani.

Ndo maana mimi naona hatari kubwa kwenye huu ushirikiano sio wizi, ingawa wizi upo na semina za hotelini zipo. Hatari ni NGO ikishashinda tenda tatu mfululizo, ina magari, ina mishahara ya watu sitini inayotegemea awamu ya nne, halafu mtu wake wa pikipiki anarudi jioni na habari mbaya kuhusu mradi. Ile ripoti itaandikwaje? Nimeshawahi kusoma ripoti za namna hiyo, zote zinasema "changamoto ndogondogo". Ukiona hilo neno ujue kuna kuku wamekufa mahali.

Siku moja nikamweleza shangazi habari za lile jopo, kwamba kama hela ni ya Benki ya Dunia huhitaji wakili wala maandamano, mnatakiwa kuwa watu wawili tu au zaidi ambao mradi umewaumiza, mnaandika barua, mkitaka majina yafichwe yanafichwa, na lugha yoyote wanapokea, hata Kiswahili. Akarudia kuuliza, "Wawili tu?" Nikamwambia ndiyo shangazi, wawili. "Na la kisima halitajulikana?" Halitajulikana. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi bibi yule pale ana mwandiko mzuri."