Usimuulize kaupata wapi huo wimbo, muulize alikuwa na gitaa la nani

Kuna swali moja kwenye intavyuu za wasanii ambalo mi likiulizwa tu nazima redio, "inspiresheni yako unaitoa wapi?", na msanii wa watu anaanza kuhangaika pale, mara maisha, mara mapenzi, mara Mungu, jibu ambalo hata fundi baiskeli angekupa. Si kwamba anadanganya. Swali lenyewe ndo bovu. Mi nina miaka 14 narekodi watu wanaojitungia na kujiimbia wenyewe, wale wasio na lebo wala meneja, mtu anashuka kwenye daladala na gitaa mgongoni anakuja chumbani kwangu huku Tabata, chumba kipo nyuma ya saluni na ukutani nimebandika magodoro, na nilichokuja kukigundua ni kwamba ukitaka kujua wimbo umetoka wapi uliza alikuwa anakaa wapi, na nani kalala chumba cha pili, chombo alichoshika ni cha nani na wimbo ulikuwa unaenda kupigwa wapi. Hisia kila mtu anazo bwana. Hata mwenye nyumba wangu anazo, tena tarehe moja ndo zinapanda sana.

Kuna dada mmoja watu wanampenda kwa kuimba kama ananong'ona, comment zake zote utasikia "sauti ya hisia", "anaimba na roho yangu". Ukweli alinipa mwenyewe siku tunasubiri umeme urudi: alikuwa anakaa chumba kimoja na mtoto mdogo, mtoto akishalala saa nne usiku ndo anachukua gitaa, na akipandisha sauti kidogo tu mtoto anaamka na jirani anagonga ukuta. Kwa hiyo nyimbo zake zote zimezaliwa chini, melodi haiendi mbali, inazunguka palepale kwenye noti nne tano. Siku hizi kapata nyumba ana nafasi ya kupiga kelele anavyotaka, na bado ananong'ona, kwa sababu mkono na koo vimeshazoea njia hiyo.

Geuza upande wa pili umuangalie Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa Unguja. Kabla hajawa Siti tunayemjua alikuwa mtoto wa Fumba, Unguja, anatembeza vyungu anauza, ananadi kwa sauti njia nzima, na Shaaban Robert kwenye wasifu wake ameieleza vizuri hiyo sauti ya muuza vyungu. Sasa mtu anayenadi haimbi kama yule dada yangu. Anatupa sauti mbele imfikie mama aliyeko uani anafua. Siti alipofika Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, enzi ambazo vifaa vilikuwa bado vichanga, nadhani ile sauti ya mnada ilimbeba kuliko kitu kingine chochote. Hayo ni maoni yangu ya kifundi, lakini nenda kasikilize zile santuri, pamoja na mikwaruzo yote unamsikia yeye.

Na alichokuwa anaimba sasa. Wimbo wake wa Kijiti ni habari ya mauaji yaliyotokea mjini kweli, watu wanamjua muuaji, wanajua alivyokimbilia bara, na wanajua kesi ilivyoendeshwa. Yaani kazi ya gazeti. Leo kijana ananiambia kaishiwa mada na wakati mtaani kwake juzi bomoabomoa imepita na nyumba saba zimelala, namuangalia tu.

Turudi kwenye gitaa. Wengi wanaokuja kwangu hawakuanza na gitaa lao, walianza na la kanisani, la kaka wa jirani, la shule, na gitaa la kuazima lina tabia zake. Mmoja alijifunzia gitaa lenye nyuzi tano, ule mwembamba kabisa ulishakatika na hela ya kuununua haikuwepo, mpaka leo ukimpa gitaa zima lenye nyuzi sita ule mwembamba haugusi, na ndo maana nyimbo zake zina uzito fulani hivi watu wanauita "mizuka ya kizamani". Mwingine anajua kodi tatu tu (kodi za gitaa, za nyumba nimeshaziongelea) na kwa kuwa ana kodi tatu kajikuta anaweka akili yote kwenye maneno, na maneno yake ni makali kuliko ya wale wanaojua kodi arobaini.

Hili si jipya. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo, alikuwa mtu mmoja na gitaa moja, anaimba Kiswahili cha kwao, anapiga kwa vidole viwili, dole gumba linashika besi na cha shahada kinacheza melodi juu, kwa hiyo bendi nzima imo kwenye mkono mmoja wa kulia. Hakuwa na mpiga besi wa kumlipa. Ule upigaji ukasambaa na santuri na redio mpaka huku Kenya na Tanganyika, na kuna wazee bado wanapiga hivyo bila hata kujua ulianzia wapi. Mi mwenyewe nilifundishwa na mzee mmoja wa Kigoma, akinikuta natumia kidole cha tatu ananipiga kofi la mkono, "weka hicho, hicho ni cha kulia ugali."

Halafu kuna lugha, na hapa naomba mnivumilie kidogo maana ndo napapenda. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, na ukitunga melodi ambayo noti ndefu imeangukia pengine msikilizaji anahisi kuna kitu kimekaa upande hata kama hawezi kukueleza. Mfano tunaofundishwa shule ni barabara, ukikaza BA, silabi ya tatu, unapata njia ya magari, ukikaza RA ya mwanzoni unapata maana ya "sawasawa kabisa". Nimewahi kurekodi wimbo wa mtu anasema mapenzi yetu yako barabara, melodi ikamvuta akakaza pengine, ikawa mapenzi yako njiani yanasubiri basi. Tulicheka mpaka machozi, ila ilibidi turudie ubeti mzima, na hakuwa na hela ya saa nyingine, hiyo nilimezea.

Tena wale wanaochukua biti ya nje mtandaoni ndo wanaumia zaidi, biti imepangwa kwa lugha ambayo maneno mengi yanagota mwisho, pa, pa, na Kiswahili chetu kinaishia na irabu na kinateleza. Unamsikia mtu analazimisha, "nakupendaaa" imevutwa kwenye ile a ya mwisho isiyo na mkazo, basi. Na hiyo irabu ya mwisho inatudekeza kwenye vina pia. Kupata kina kwa Kiswahili ni rahisi mno, weka tu -ana mwisho wa kitenzi, tulipendana tukakumbatiana tukaachana tukalaumiana, umeshamaliza ubeti na hujasema kitu. Wanaonishangaza ni wale waliolelewa na mashairi, unawajua hapohapo, hata wakiimba mambo ya bodaboda na vocha mstari wao unakaa mizani nane kwa nane bila kuhesabu. Ni bibi huyo, au mwalimu wa darasa la sita.

Na ukisikiliza vizuri unajua mtu kalelewa wapi kabla hajakwambia jina. Aliyepita kwaya anafikiria sauti ya pili kabla hajamaliza ya kwanza, anakuja na demo ya simu tayari kajirekodi mara tatu. Aliyepita madrasa pumzi yake ni ndefu na anajua kuipinda noti bila kuivunja.

Sasa niwaambie kosa langu, maana ndo lililonifundisha kazi kuliko kozi zote. Alikuja binti mmoja kutoka Dodoma, Mgogo, anatunga mwenyewe, kwao babu alikuwa mpiga zeze. Akaimba, mi nikasikia kuna noti moja inarudiarudia iko chini kidogo, si chini kabisa, chini kidogo. Nikasema huyu pichi inamtoka, nikawasha Auto-Tune, nikamnyoosha wimbo mzima, nikapaka miksi vizuri, nikampigia kwa mbwembwe. Akanyamaza. Baadaye akasema, "Kaka, imekuwa nzuri, ila hii sauti si ya nyumbani." Nikajua ni mambo ya ushamba wa studio. Siku mbili hainitoki.

Nikaanza kufuatilia. Kumbe Wagogo mfumo wao wa sauti haukutoka kwenye kinanda, umetoka kwenye zile sauti zilizojificha ndani ya uzi wenyewe, ukiugusa uzi kidogo bila kuukandamiza kuna vijisauti vinatoka juu yake kwa mpangilio wa maumbile, na ya saba kwenye mpangilio huo iko chini ya noti ya kinanda iliyo karibu nayo kwa kama senti 31. Hatua moja ya kinanda ni senti 100, kwa hiyo 31 ni karibu theluthi ya hatua, sikio linaisikia vizuri sana. Yule binti alikuwa anaiimba palepale ilipo kila mara, hakosei, na mi na programu yangu ndo tuliokuwa tunamkosesha. Nenda kasikilize kazi za marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyehamia Bagamoyo na kutembea dunia na ilimba (ile marimba ya kupigwa kwa vidole gumba) na zeze mpaka alipofariki 2003, halafu jaribu kufuata na kinanda. Utaacha.

Nilimpigia simu nikamuomba radhi na nikamwambia aje turudie bure. Alikaa miezi minne ndo akaja, na sikumlaumu.

Kitu kingine watu hawakiangalii ni nani anamlipa msanii. Hili jambo la mtu mmoja kutunga maneno, kuweka melodi na kuimba mwenyewe tunaliona la kawaida ila kwenye taarab ya Unguja mara nyingi ni watu watatu, kuna mshairi, kuna mtia muziki, halafu mwimbaji, na kila mtu na heshima yake. Kwenye dansi ndo kabisa, NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, mwanamuziki ni mwajiriwa mwenye mshahara, vyombo ni vya ofisi na kazi yake ni kuchezesha watu ukumbini mpaka usiku wa manane. Ndo maana zile nyimbo zina nusu mbili, ya kwanza inakueleza kisa taratibu, halafu inaingia chemko, magitaa yanapanda, maneno yanapungua, watu wanacheza. Chemko lilikuwepo kwa sababu kuna ukumbi na watu wamelipa kiingilio. Huyu wangu wa Tabata mwenye gitaa lake hana ukumbi, ana simu ya mtu aliyevaa iafoni kwenye mwendokasi, kwa hiyo chemko kalitoa bila hata kukaa chini kuamua.

Na urefu ni hivyohivyo. Santuri za akina Siti upande mmoja ulikuwa unameza kama dakika 3, ukitaka zaidi geuza. Sasa hivi Spotify inahesabu wimbo umesikilizwa ukifika sekunde 30, basi kila mtu anataka kiitikio kiingie kabla msikilizaji hajachoka, vesi ya kwanza imekuwa kama mlango wa choo cha stendi, unapita haraka. Nilibishana na kijana mmoja kutoka Unguja, kasoma kupiga udi vizuri pale Stone Town, anataka afungue wimbo kwa taksimu, yaani udi peke yake unajipigia bila maneno, ya dakika nzima. Nikamwambia utapoteza watu. Akasema, "Watakaobaki ndo wangu." Alikataa kukata hata sekunde moja. Namba zake mtandaoni ni za kusikitisha kwa kweli, ila kila wiki ana mwaliko na analipwa kabla hajapanda boti.

Kama mnataka mtu wa kumsoma kwenye haya mambo ya uhuru wa kuimba unachotaka, mi namchukua Dokta Remmy Ongala. Mzaliwa wa Kindu, Kongo, kaja Dar 1978, kaishi Sinza mpaka kituo cha daladala kikachukua jina lake, ukipanda leo konda anaita "Kwa Remmy". Kaimba kifo, kaimba umaskini, na mwaka 1990 kaimba kondomu kipindi ambacho hata kulitaja ni aibu, redio ikaukataa wimbo na kanda zikapigwa kwenye mabaa na mabasi watu wanaujua wote. Mtu aliyekuwa akitoka nje tu anakutana na mazishi mtaani, unadhani angeimba nini?

Nimeandika sana na leo nina kazi. Yule binti wa Dodoma anarudi kesho saa nne, kasema anakuja na zeze la babu yake, gari limemsumbua Morogoro lakini yupo njiani. Nimeshatandika mkeka maana wanapiga wamekaa chini, maiki nimeishusha, na mwenye saluni hapo mbele nimemuomba asiwashe drayer mpaka mchana, kakubali kwa soda mbili.