Kipindi cha Dakika 60 Hakiongezi Hata Dakika Moja

Kila mwaka wa masomo unapokaribia kwisha, shule fulani ya sekondari huketi kikao, na mjumbe mmoja husimama na hoja ile ile: tutoke kwenye vipindi vya dakika 40, twende dakika 60, ili wanafunzi wapate muda zaidi wa kusoma. Wajumbe hutikisa kichwa kukubali. Kisha mwalimu wa taaluma huambiwa alete ratiba mpya Jumatatu.

Muda zaidi utoke wapi? Siku ya vipindi 9 vya dakika 40 ina dakika 360, na siku ya vipindi 6 vya dakika 60 ina dakika 360. Ukianza saa 2:00 asubuhi, ukatoa nusu saa ya chai na nusu saa ya chakula cha mchana, unamaliza saa 9:00 kwa vyovyote vile. Kitu pekee kinachookolewa ni muda wa walimu kupishana. Katika mpangilio wa vipindi 9 wanapishana mara 6 nje ya mapumziko, na katika ule wa vipindi 6 mara 3. Ikiwa kila kupishana kunakula dakika 5, umeokoa dakika 15 kwa siku, na pungufu ya hapo kama tayari una dabo, yaani vipindi viwili mfululizo vya somo moja, kwenye ratiba. Si haba, lakini hakuna aliyesimama kikaoni kutetea dakika 15.

Balaa lenyewe liko kwenye kugawanya. Somo la vipindi 3 kwa wiki lina dakika 120, linakuwa vipindi 2 vya saa moja, safi kabisa. La vipindi 6 linakuwa 4, safi pia. Hapo ndipo usafi unapoishia. Somo la vipindi 5 lina dakika 200, na 200 kwa 60 haigawanyiki. Ukilipatia vipindi 3 limepoteza dakika 20 kila wiki, na katika wiki 36 za kufundisha hizo ni saa 12, yaani vipindi 18 vya zamani. Ukilipatia vipindi 4 limepata dakika 40 za bure, na lazima somo lingine lizilipe. Somo la vipindi 2, ambalo mara nyingi ni somo lisilo na mtetezi, lina dakika 80: linabaki na kipindi kimoja, limepoteza robo ya muda wake, na hakuna anayeinua mkono. Ndiyo, unaweza kutengeneza mzunguko wa wiki tatu ambapo somo hilo linapata 1, 1, kisha 2, na hesabu itatimia bila baki. Mtafute mwalimu atakayekumbuka leo ni wiki ya ngapi.

Wakikuambia “programu ya kompyuta itapanga”, waulize programu hiyo itajenga maabara lini. Inachofanya vizuri ni kupanga na kuonyesha migongano haraka. Mgongano wa kweli, kama chumba kimoja kutakiwa mara nyingi kuliko nafasi zilizopo, itakuonyesha kwa rangi nyekundu kisha itakuachia mwenyewe.

Sasa maabara, maana kwa kawaida hiyo ndiyo sababu ya kweli iliyojificha nyuma ya hoja. Mwalimu wa Kemia ana haki ya kulalamika. Kwenye dakika 40, toa 5 za kuingia, 10 za kugawa vifaa na 10 za kuosha na kurudisha: zimebaki 15. Titresheni (kupima kiasi cha asidi au besi kwa kudondosha kimiminika kutoka kwenye bureti, mrija wenye vipimo) moja ya majaribio na nyingine tatu za kuandika vipimo hazitoshi humo. Kwenye dakika 60 zinabaki 35, kazi inakwisha lakini hesabu zinakwenda nyumbani. Kwenye dabo ya dakika 80 zinabaki 55, na hapo mwanafunzi anaweza hata kurudia usomaji ulioharibika. Kwa hiyo anachohitaji mwalimu huyu ni dabo, na dabo inauawa na chai.

Tuchukue shule yenye mikondo minne kila kidato, cha kwanza hadi cha nne, na maabara moja ya Fizikia na Kemia. Vidato viwili vya chini vina mikondo 8. Kila mkondo ukipata dabo moja ya kila somo kwa wiki mbili, hizo ni dabo 8 kwa wiki. Vidato vya juu tuseme vina mikondo miwili ya sayansi kila kimoja, dabo moja kwa kila somo kila wiki: 8 nyingine. Jumla 16. Chai ikiwa baada ya kipindi cha 3, saa 4:00, na chakula baada ya cha 6, siku imekatwa vipande vya vipindi vitatu vitatu. Kila kipande kinabeba dabo moja, na kipindi kimoja kinaning'inia. Dabo 3 kwa siku. Ijumaa, kwa sababu ya swala, masomo yanaishia saa 6:30, kwa hiyo ni 2. Jumla 14. Ratiba haipangiki, na wala si uzembe wa mtu.

Sogeza chai iwe baada ya kipindi cha 4, saa 4:40. Asubuhi sasa inabeba dabo 2, kati ya chai na chakula 1, mchana 1. Nne kwa siku, tatu Ijumaa, jumla 19. Umepata nafasi tano bila kugusa urefu wa kipindi, na zinabaki tatu za fundi sanifu wa maabara kuandaa vifaa. Gharama yake ni njaa: mtoto aliyeondoka nyumbani alfajiri bila kula anasubiri uji dakika 40 zaidi, na hilo si dogo. Lakini ni mjadala wa jikoni, na kikao kinapaswa kujua kwamba kinajadili jiko.

Haki ya vipindi vya saa moja niitaje: vinakupa nafasi 28 za maabara kwa wiki (sita kwa siku, nne Ijumaa), tele, mradi mazoezi yako yaingie ndani ya zile dakika 35. Yasipoingia utataka dabo ya dakika 120, na hizo ni 14 tu. Umerudi pale pale.

Kama kipindi kirefu kinafundisha vizuri zaidi, hapo mimi nasitasita. Shule nyingi za sekondari Marekani zilihamia vipindi vya dakika 80 hadi 90 katika miaka ya 1990, na tafiti zilizofuata hazikukubaliana. Ninachoshuku ni kwamba mwalimu anayehutubia dakika 40 atahutubia 60. Na mwanafunzi aliyeugua siku moja sasa anakosa saa nzima ya somo analokutana nalo mara mbili tu kwa wiki. Hata ile imani yetu kwamba Hisabati lazima iwe asubuhi, naifuata kila ninapopanga, lakini siiamini kama zamani.

Kabla ya kupiga kura, dai jedwali la safu tatu: somo, dakika za sasa kwa wiki, dakika mpya. Mkuu wa idara ambaye somo lake linapungua aweke saini mbele ya upungufu wake. Mkikubaliana, anzeni Januari, si katikati ya muhula, na kidato cha nne msikiguse baada ya mtihani wa moko.