Pointi za mkopo wa nyumba na akiba ya uzeeni Marekani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Msimu wa kodi ukianza Marekani, makundi ya WhatsApp ya ndugu zetu wa huko hujaa ushauri wa bure. Mwingi wake si uongo mtupu. Ni kanuni ya kweli ya jambo fulani, mtu kaichukua na kuipachika kwenye jambo la jirani.

"Pointi nilizolipa nitazidai zote mwaka huu"

Pointi moja ni asilimia 1 ya mkopo, na hulipwa mwanzoni ili riba ishuke. Aliyenunua nyumba anayoishi, akitimiza masharti ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, anaweza kuzitoa zote kwenye mapato yanayotozwa kodi ya mwaka aliolipa. Hapo ndipo maneno haya yalipoanzia. Aliyerifainansi, yaani aliyechukua mkopo mpya kuufuta wa zamani, kwa kawaida huzigawa kwa muda wote wa mkopo.

Tupige hesabu. Mkopo wa dola 300,000 kwa miaka 30, pointi mbili: dola 6,000. Zigawe kwa miezi 360, unapata dola 200 kwa mwaka. Na kama rejesho la kwanza lilikuwa Oktoba, mwaka huo wa kwanza unadai dola 50. Hamsini, basi. Zaidi ya hapo ni ile sehemu tu ya mkopo iliyokwenda kuboresha nyumba unayoishi, kama kuongeza chumba. Pointi za sehemu hiyo zinaweza kudaiwa mara moja.

Hata hizo 50 zina faida kwa anayeorodhesha matumizi yake moja moja kwenye fomu tu. Kwa mwaka wa 2025, wanandoa wanaofaili pamoja wana punguzo la jumla la dola 31,500 bila kuonyesha risiti yoyote, na asiye na mwenzi ana 15,750. Wengi hawafiki huko kwa riba, sadaka na kodi za jimbo. Kwao pointi hazibadilishi chochote kwenye kodi, na wakala wa mikopo anayezisifia kama njia ya kukwepa kodi anauza maneno.

"Nikirifainansi tena, pointi zilizobaki zimepotea"

Hazipotei. Ukiuza nyumba, au ukihamia kwa mkopeshaji mwingine, salio lote unalidai mwaka huo huo. Ukibaki na mkopeshaji yule yule, salio linaingizwa kwenye mkopo mpya na kugawanywa upya. Tunza makaratasi ya siku ya kusaini, maana hakuna atakayekukumbusha hesabu hiyo mwaka hadi mwaka.

"401(k) walishanikata asilimia 20, tumemalizana"

Hii ndiyo inayoumiza watu. Ile asilimia 20 inayokatwa ukitoa pesa kwenye 401(k), akiba ya uzeeni kupitia mwajiri, ni malipo ya awali ya kodi tu, hesabu yenyewe inakuja ukifaili. Mtu wa miaka 40 anatoa dola 20,000, mkononi anapata 16,000. Kama sehemu ya juu ya mapato yake, zikiwemo pesa hizi, inatozwa asilimia 22, kodi ni dola 4,400, na kwa kuwa hajafikisha miaka 59 na nusu inaongezeka adhabu ya asilimia 10, yaani 2,000. Jumla 6,400, alizokatwa ni 4,000. Aprili anadaiwa 2,400 ambazo pengine zilishakwenda kwenye karo. Akiwa California, jimbo nalo lina adhabu yake ya asilimia 2.5, mbali na kodi yake ya kawaida.

"Shida ikiwa ya kweli, hakuna adhabu"

Mwajiri anaweza kukuruhusu kutoa pesa kwa sababu ya dhiki, lakini ruhusa yake haifuti adhabu ya IRS. Misamaha ipo, ila kila mmoja una mlango wake. Ule wa dola 10,000 za nyumba ya kwanza ni wa IRA, akaunti ya akiba ya uzeeni anayofungua mtu mwenyewe, si wa 401(k), na ni mara moja kwa maisha yote. Ni wa kununua, kujenga au kujenga upya. Kulipia pointi za kurifainansi hauhusiki. Mwenye Roth IRA, ile IRA ya pesa zilizokwisha kutozwa kodi, ana nafuu: pesa alizoweka mwenyewe anazitoa bila kodi wala adhabu, faida yake ndiyo yenye masharti.

"Narudi nyumbani moja kwa moja, kwa hiyo naruhusiwa kutoa zote"

Kutoa unaweza ukishaacha kazi. Msamaha wa adhabu kwa sababu ya kuhama nchi haupo. Asiye raia na ambaye si mkazi tena wa Marekani kwa kawaida hukatwa asilimia 30 juu kwa juu, kwa kuwa Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato na Kenya wala Tanzania. Kama amekatwa kupita kiasi, anafaili adai kilichozidi. Pesa zinaweza pia kubaki zilipo hadi umri utimie, hata kama wewe uko Tanga.

Anayeacha kazi mwaka anaotimiza miaka 55 au baadaye anaweza kuchota 401(k) ya mwajiri huyo bila adhabu, akilipa kodi ya kawaida tu. Akizihamishia kwanza IRA, nafasi hiyo anaipoteza.