Dunia haizunguki chini ya ndege

Kuna ujumbe unaosambazwa tena na tena kwenye makundi ya gumzo: eti ndege inayoelekea magharibi hufika upesi kwa sababu dunia inazunguka kuelekea mashariki na kuisogezea mji inakokwenda. Si kweli.

Kwenye ikweta dunia huzunguka kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa, lakini hewa na ndege huzunguka pamoja nayo. Ndiyo maana helikopta ikielea hewani, hutua palepale iliporukia.

London na New York zimeachana kwa takriban kilomita 5,500. Kwenda New York, yaani magharibi, huchukua kama saa nane. Kurudi, kama saa saba. Kinyume kabisa cha madai! Sababu ni upepo mkali wa juu, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki.

Kinachochanganya watu, nadhani, ni saa za ukutani. Ukiondoka London saa 4 asubuhi, unatua New York saa 7 mchana, kana kwamba umesafiri saa tatu tu. Ila New York iko nyuma kwa saa tano.

Kwa hiyo ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Chukua ratiba yoyote ya safari hiyo, geuza saa ya kuondoka na ya kutua ziwe za mji mmoja, kisha utoe ya kuondoka kwenye ya kutua. Fanya hivyo kwa safari ya kurudi pia.