Jua la Dodoma haliyeyushi kolesteroli

Mbukwenyi ndugu zangu. Naandika hii kwa sababu mwezi wa saba, kile kipindi cha upepo na baridi ambacho nusu ya mji unaikuta imesimama ukutani inaota jua, nilipata mgonjwa ambaye nikimkumbuka roho inaniuma mpaka leo. Mama wa miaka hamsini na kitu, anafanya kazi ofisini kule Mtumba, amekuja kliniki na bahasha ya kaki na ndani yake kuna pakiti mbili za dawa ya kushusha kolesteroli, moja imeliwa vidonge vinne na nyingine haijafunguliwa kabisa. Nikamuuliza, mama, mbona dawa zimejaa hivi? Akanijibu bila wasiwasi wowote, "Dokta hizo niliziacha, siku hizi naota jua." Kumbe kuna mtu kamtumia ujumbe kwenye grupu la WhatsApp kwamba jua linageuza kolesteroli kuwa vitamini D, kwa hiyo ukikaa juani kila siku saa sita mchana mafuta yote kwenye damu yanaisha yenyewe. Tukapima. Ile LDL, mafuta mabaya, ilikuwa imepanda kuliko tulivyoiacha mwezi wa pili.

Sasa tabu ya ule ujumbe ni kwamba haukuwa uongo mtupu, ungekuwa uongo mtupu yule mama ni msomi angeukataa. Ni kweli vitamini D inatengenezwa kwenye ngozi, na ni kweli malighafi yake ni ndugu wa kolesteroli, kemikali ambayo imebakiza hatua moja tu iwe kolesteroli yenyewe. Mionzi ya jua ikiipiga pale kwenye ngozi inabadilika, inakwenda kwenye ini inabadilishwa tena, halafu figo zinaimalizia ndio inaanza kufanya kazi. Ila angalia kipimo. Mwili wako unatengeneza kolesteroli karibu gramu 1 kwa siku, ini likiwa kiwanda kikubwa. Vitamini D ya yuniti 2,000, ambayo ni dozi ya kutosha kabisa kwa siku, ni mikrogramu 50 tu, yaani sehemu 1 kati ya 20,000 ya hiyo gramu. Chukua gunia la mahindi la kilo 100, toa punje kama 15, halafu niambie gunia limepungua. Na hata hizo punje hazijatoka kwenye damu, zimetoka kwenye ngozi. Isitoshe ngozi ina akili yake, ukizidisha kukaa juani inaanza kuivunja ile iliyokwisha kutengenezwa, kwa hiyo masaa mawili juani hayakupi mara nne ya nusu saa, yanakupa kuungua tu na kichwa kuuma.

Hapo mtu ataniuliza, na ni swali zuri sana, mbona basi tafiti zinasema watu wenye vitamini D ndogo wanakutwa na mafuta mabaya mengi? Ni kweli zinasema hivyo, na kwenye nchi nyingi tu: vitamini D ikiwa chini, mara nyingi LDL na trigliseridi, aina nyingine ya mafuta kwenye damu, zinakuwa juu, na HDL ile nzuri inakuwa chini. Lakini jiulize ni nani mwenye vitamini D ndogo. Chukua mkulima wa zabibu wa Hombolo, asubuhi yuko shambani, anapogoa, anamwagilia, anatembea, mchana amekula ugali wa uwele na mlenda. Halafu chukua mtu wa ofisini, anaingia ndani saa moja na nusu asubuhi anatoka jua limezama, mchana chipsi mayai na soda, jioni kiti moto au mbuzi choma na bia mbili tatu, wikiendi amelala. Huyu wa pili vitamini D itakuwa ndogo kwa sababu haoni jua, na kioo cha dirisha la ofisi au la gari hakipitishi ile mionzi inayotengeneza vitamini D hata ukikaa dirishani siku nzima. Na mafuta yatakuwa juu kwa sababu ya kukaa na kula. Kuna na kitambi, vitamini D inajificha kwenye mafuta ya mwili, kwa hiyo mtu mnene damu yake inaonyesha kidogo. Mambo mawili yametoka kwenye maisha yaleyale, sio kwamba moja limezaa jingine.

Njia ya kujua ni kuwapa watu vitamini D uone mafuta yanafanyaje, na imefanyika. Matokeo yaliyotoka 2012 kutoka New York, watu 151 wenye upungufu walipewa ama dozi kubwa ya yuniti 50,000 kila wiki kwa wiki 8 ama kidonge kisicho na dawa, vitamini D ikapanda vizuri sana kwa waliopewa, mafuta yao hayakuwa mazuri zaidi. Halafu ukaja utafiti mkubwa wa Marekani unaoitwa VITAL, watu 25,871, yuniti 2,000 kila siku kwa miaka kama mitano, matokeo yakatoka 2018: shambulio la moyo na kiharusi havikupungua. Ukijumlisha majaribio madogo madogo unakuta mengine yanaonyesha kushuka kidogo kwa mafuta, hasa kwa wenye upungufu wa kweli, lakini ni kidogo ambacho mimi siwezi kumwachisha mgonjwa dawa kwa ajili yake. Dawa za kundi la statini kwa dozi ya kawaida zinashusha LDL kwa asilimia 30 na kuendelea, hakuna kulinganisha hapo.

Na sisi huku kwa jua hatujanyimwa. Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta na mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, mwaka mzima jua la mchana linatosha. Kuna utafiti wa 2012 uliopima Wamasai na Wahadzabe wa hapahapa Tanzania, watu wanaoishi nje kutwa, wastani wao wa vitamini D ukakutwa 115 kwa kipimo cha nanomoli, kiwango kizuri sana, na ngozi zao nyeusi kama zetu. Ngozi nyeusi inahitaji muda zaidi juani kuliko nyeupe, ila haizuii.

Nimetaja nanomoli makusudi maana hili limeshaniletea watu wanaolia. Juzi juzi wafanyakazi wawili wa ofisi moja wamepima maabara mbili tofauti, mmoja karatasi inasema 55, mwenzake 24, huyu wa 24 akaja amenyong'onyea anadhani anaumwa. Nikamwambia, dada, tazama maandishi madogo pembeni ya namba. Yako imeandikwa ng/mL, yaani nanogramu, ya mwenzio nmol/L, ndiyo hiyo nanomoli. Ya kwako izidishe mara 2.5 unapata 60, kwa hiyo wewe ndiye umemzidi. Wataalamu wengi wanahesabu upungufu ni chini ya 20 kwa ng/mL, ambayo ni 50 kwa nmol/L. Wote wawili walikuwa salama, na kwa kweli wote wawili hawakuwa na sababu ya kupima, mtu mzima mwenye afya yake hahitaji kukimbilia kipimo hiki, na mwongozo wa madaktari wa homoni wa Marekani wa 2024 unasema hivyohivyo. Wanaohitaji ni wenye maumivu ya mifupa na udhaifu wa misuli usioeleweka, wenye ugonjwa wa figo au ini, wanaotumia dawa fulani za kifafa kwa muda mrefu, wazee ambao hawatoki ndani. Hela ya kipimo hicho bora upime mafuta, sukari na presha, hasa ukishafika miaka 40 au kama kwenu kuna watu walipata kiharusi mapema.

Wenye ualbino tafadhali msiingie kwenye haya mambo ya kuota jua kabisa, kwenu hatari ya saratani ya ngozi ni kubwa mno, vitamini D mnaweza kuipata kwa mayai, maini, samaki wenye mafuta, au vidonge kwa ushauri wa daktari. Na vidonge navyo sio pipi. Zaidi ya yuniti 4,000 kila siku bila usimamizi sikushauri, kalsiamu ikizidi kwenye damu unapata kiu, kukojoa sana, kutapika, kukosa choo, mawe kwenye figo.

Mafuta ya damu yana dawa zake. Kwa trigliseridi, punguza sukari, soda na pombe, na wine yetu ya Dodoma nayo ni pombe. Kwa LDL, acha mafuta ya kuganda na samli ya kila siku, tumia mafuta ya alizeti, inalimwa hapa na Singida jirani, lakini sio yale yaliyokaangia chipsi tangu juzi. Nyama toa mafuta. Maharage, choroko, mboga za majani, ugali wa mtama au dona badala ya sembe kila siku. Tembea, hata kama ni kushuka kituo kimoja kabla. Na ukiandikiwa dawa, meza. Ikikuletea maumivu ya misuli usiifiche kabatini, rudi tuibadilishe au tupunguze dozi.

Yule mama alikubali kurudi kwenye dawa, ila aliomba kitu kimoja, aendelee na jua lake la asubuhi maana linamfanya ajisikie vizuri. Nikamwambia aendelee, ila asikae, atembee nalo. Akaanza kuzunguka ofisi yao kila siku kabla ya kuingia ndani. Mwezi wa kumi alirudi na bahasha ileile ya kaki, safari hii ilikuwa na pakiti tupu tatu, akazipanga moja moja juu ya meza yangu kabla hata hajakaa.